Mstari wa Chini kwenye Jiwe la Ndiva

Kwanza naomba radhi kwa mwandiko wangu, na kwa maneno nitakayoyakosea. Nimesoma hadi darasa la saba tu, na darasa la saba la miaka yetu lilikuwa la daftari moja lililokatwa katikati kwa kisu, nusu yangu na nusu ya kaka yangu. Halafu naandika polepole. Mwalimu wetu wa darasa la nne alikuwa akishika kifutio mimi bado niko mstari wa pili. Lakini nilichokiandika kilisomeka. Ndiyo sifa pekee niliyotoka nayo shuleni, na ndiyo iliyoniingiza katika habari hii.

Kwetu ni Upare wa kusini, juu kuliko Suji. Ukitoka Same unakwenda tambarare katikati ya vichaka na mkonge, halafu barabara inaanza kupanda. Pale inapoanzia pana jiwe la wakoloni lililoandikwa namba za maili. Namba hazisomeki tena, kwa sababu kila apitaye na panga hulinolea hapo. Mimi mwenyewe nimenolea. Ni jiwe zuri sana kwa panga.

Juu zaidi, kwenye kona kali, palikuwa na kibao cha chuma chenye herufi zilizovimba. Kilieleza kwamba sehemu ile ya barabara ilichimbwa na wananchi kwa msaragambo, yaani kazi ya pamoja inayoitishwa kwa pembe, kila nyumba ikatoa mtu. Baba alikuwa mmoja wa wachimbaji. Nilipokuwa darasa la tatu kibao kikatoweka. Ilikuwa ile miaka ambayo sabuni tulitumia majani ya mpapai, unga ulikuwa ule wa njano wa kupanga foleni, na sufuria ikitoboka unaizibaziba mpaka inakuwa viraka vitupu. Kila mtu alisema kibao kimeibwa na watu wa chini, wa tambarare. Tukaamini.

Krismasi ya mwaka uliofuata jirani yetu mmoja alipata unga wa ngano kidogo kutoka kwa mwanawe aliyekuwa Tanga. Akatualika. Chapati zikaletwa kwenye ungo, tukagawiwa nusu nusu. Mama aliishika yake, akaigeuza, akaisogeza kwenye mwanga wa mlango.

"Jirani, mbona chapati yangu ina herufi?"

"Kula, mama. Ni mapambo."

Baba naye akageuza yake. "Hii ni B," akasema. "Imegeuka, lakini ni B. Na hii ni R." Akatafuna taratibu, akameza. "Barabara hii niliichimba mpaka mikono ikatoka malengelenge. Leo nimeila."

Tulicheka mpaka mwenye nyumba naye akacheka, akaenda jikoni akakitoa kibao kimekolea mafuta, cheusi, kizuri kama kikaango cha dukani. Ajabu ni kwamba hakushtakiwa. Nasema ajabu kwa sababu sisi Wapare tunajulikana: mtu yuko tayari kuuza ng'ombe ili ashinde kesi ya kuku. Lakini wote tulikuwa tumekula. Nani angekuwa shahidi?

Miaka ikaenda. Nikamaliza shule, sikuchaguliwa kuendelea, nikawa wa kulima na kusaidia nyumbani kwa bibi yangu, mama yake baba, ambaye ndiye hasa mwenye habari hii. Wakati huo mambo yalianza kufunguka. Maduka ya Same yakajaa vitu ambavyo wengine tulikuwa hatujawahi kuviona: sabuni za kunukia, betri, mitumba ya kila rangi. Saruji, ambayo zamani ilitaka kibali na kumjua mtu, sasa ulikwenda ukanunua kama unavyonunua chumvi. Na barabara yetu ikapanuliwa, malori yakaanza kuja kuchukua tangawizi na kabichi mpaka mlangoni.

Barabara mpya ilipita kando kabisa ya ndiva. Ndiva ni bwawa dogo lililozungushiwa ukingo wa udongo na mawe. Maji ya kijito huingia taratibu usiku kucha mpaka linajaa, asubuhi linafunguliwa, maji yanaingia kwenye mfereji tunaouita mfongo na kwenda mashambani kwa zamu. Bila ndiva, kijito chetu ni chembamba, kingeishia njiani kabla ya kufika shamba la tatu. Kila mtu wa kwetu anaishi kwa ile ndiva. Hata mtoto anayetupa jiwe ndani hupigwa na mtu yeyote aliye karibu, na wazazi wake wanashukuru.

Basi siku moja utingo wa lori akaweka chini ndoo yake, akavua shati, akaanza kuosha magunia mle ndani. Mzee wa mfongo, ambaye ndiye mgawaji wa zamu za maji, alikuwa anapita.

"Kijana, unajua unaosha magunia kwenye nini?"

"Shikamoo mzee. Kwenye bwawa la ng'ombe."

Mzee hakuitikia marahaba. Inasemekana alikaa chini pale pale. Jioni ile ile akaenda kwa mwenyekiti wa kijiji akamwambia kwamba wageni sasa wanapita na hawajui kitu, kwa hiyo liandikwe jiwe, lisimamishwe kando ya barabara, lieleze ndiva ni nini na imetoka wapi.

"Tutaweka kibao cha chuma," mwenyekiti akasema.

"Hapana. Safari hii hatuandiki kwenye kitu kinachopikika."

Mwenyekiti alishuka Same mwenyewe akarudi na mfuko mmoja wa saruji, ameukalia ndani ya lori juu ya marobota ya mitumba kama amekalia kiti cha harusi. Mfuko ukawekwa kwake, chini ya kitanda. Kilichobaki kilikuwa maneno ya kuandika tu. Tulidhani ni kazi ya asubuhi moja.

Mkutano ulifanyika Alhamisi kwenye uwanja wa ofisi ya kijiji. Katibu alisoma mistari mitatu. Wa kwanza ulisema jiwe limesimamishwa na mwenyekiti, na jina lake kamili. Wa pili, kwamba ndiva ilichimbwa na babu zetu. Wa tatu, kwamba mvua iliibomoa ikajengwa upya kwa msaragambo. Watu wakapiga makofi. Mimi nilikuwa nimekaa nyuma kabisa na wasichana wenzangu. Sijawahi kusema neno mkutanoni. Ningeambiwa nichague kati ya kusema mkutanoni na kuchota ndoo thelathini, ningeuliza ndoo ziko wapi.

Bibi akasimama. Alikuwa na fimbo, lakini aliposimama kwa ajili ya kusema hakuiegemea.

"Ndiva ilipojengwa upya, sisi tulikuwa wapi? Tulikuwa tumekwenda harusini?"

Watu wakacheka. Mwenyekiti akasema, "Bibi, 'babu zetu' ni wote. Na nyinyi mmo humo."

"Mimi si babu yako."

Hapo nieleze jambo ambalo bibi alikuwa akinisimulia tangu nikiwa mdogo, tukimenya mahindi ya makande. Alipokuwa msichana hajaolewa, mvua kubwa iliupasua ukingo wa ndiva. Wanaume wakajenga kwa mawe na majani ya nyasi. Ukavuja. Wakajenga tena, ukavuja tena. Mara ya tatu mashamba ya chini yalikuwa yamekauka, na watu walikuwa wanapika mizizi. Ndipo wanawake wakaitwa. Wakachukua udongo wa kichuguu mbali, kwa vichwa, wakaumwaga ukingoni, wakaumwagia maji, wakasimama kwa mstari mmoja, kila mmoja nyuma ya mwenzake, wakaukanyaga kwa nyimbo. Siku tatu. Udongo uliingia kwenye nyufa za visigino na wengine walitembea kwa magoti wiki nzima. Lakini maji yalipofunguliwa, ukingo ulishika. Haujavuja tangu siku ile. "Miguu yangu imo mle," bibi alikuwa akiniambia. Katika mstari ule wote, waliokuwa hai walibaki wawili.

Kwa hiyo mkutanoni alisema anataka mstari wa nne. Mwenyekiti akasema jiwe ni dogo. Bibi akasema basi lifanywe kubwa. Katibu akasema mfuko ni mmoja. Bibi akasema basi yeye anafungua kesi.

Na kesi ikafunguliwa. Alhamisi baada ya Alhamisi tulikaa pale. Ukoo uliochimba ndiva mwanzoni ulitoa wasemaji wake, ukoo ulioolea humo ukatoa wake. Mtu mmoja akataka itajwe na mbuzi waliochinjwa kulisha wachimbaji, na mbuzi walikuwa wa babu yake. Wiki moja tulitumia yote kuhusu mbuzi. Bibi hakukosa hata siku moja. Alikuwa ananiamsha asubuhi, ananiambia nimpigie pasi kitenge kwa mkaa, kama anakwenda kanisani.

Mwishoni mzee wa mfongo akasema, "Bibi, maneno yako ni mazuri, lakini ni ya mdomo wako. Una shahidi?"

 Kila mtu alijua shahidi aliyebaki ni nani. Ng'ambo ya kijito aliishi bibi mwingine, na hawa wawili hawakuwa wamesalimiana kwa miaka mingi kwa sababu ya mpaka. Kwenye mipaka yetu huwa tunapanda masale, mimea ya kuonyesha shamba la mtu linapoishia, na yule bibi wa ng'ambo alidai masale yake yamehamishwa hatua mbili. Kesi hiyo ilifika mpaka Same.

"Ninaye," bibi akasema. "Aitwe."

Alhamisi iliyofuata bibi wa ng'ambo alikuja ameshikwa mkono na mkwewe, akapewa kigoda.

"Unamfahamu huyu?" mzee wa mfongo akamwuliza.

"Namfahamu sana. Ndiye aliyehamisha masale yangu."

"Hatukuulizi masale, mama."

"Hamniulizi, mimi nawaambia."

"Je, ndiva ilipojengwa upya, huyu alikanyaga udongo?"

Alijifunga upya khanga yake. Bibi yangu alikuwa anatazama milima.

"Alikanyaga," bibi wa ng'ambo akasema. "Anakanyaga vibaya, kama kuku kwenye majivu. Lakini alikanyaga. Alikuwa mbele yangu, nimetazama visigino vyake siku tatu nzima."

"Katibu, andika," bibi akasema. "Andika hivyo hivyo."

Ikaamuliwa mstari wa nne uwepo, uwe wa mwisho, chini kabisa, nafasi ikitosha. Na mwandishi nikatajwa mimi. Mzee wa mfongo alinikumbuka kwa sababu niliandika jina la shule kwenye ubao wa geti nilipokuwa darasa la saba. "Yule mtoto anayeandika kama anachonga," alisema. Watu wakageuka kunitazama, na mimi nikatazama vidole vya miguu yangu.

Akaitwa fundi. Alikuwa Mnyamwezi ambaye baba yake alikuja zamani kufanya kazi mkongeni, yeye akazaliwa huko chini na kujifunza uashi. Alikuwa mtani wa kijiji kizima. Mfuko ulitolewa chini ya kitanda cha mwenyekiti, akaupiga teke kidogo, akainama akaugonga kwa kidole kama mtu anayebisha hodi.

"Kesi imechukua muda gani?"

"Miezi mitatu na kidogo," mwenyekiti akasema.

Fundi akaupasua. Huku kwetu kuna ukungu, na ile ilikuwa miezi ya baridi. Nusu ya saruji ilikuwa imeganda ikawa jiwe, limechukua umbo la mfuko na mikunjo yake yote.

"Jiwe lenu hili hapa, limeshajitengeneza!" fundi akapiga kelele. "Limechoka kuwasubiri! Wapare, nyie mtamshtaki hata kobe kwa kuchelewa. Simamisheni hivi hivi, andikeni: Hapa ilizikwa saruji, imeuawa na mashahidi."

Hata mwenyekiti alicheka, lakini kwa upande mmoja wa mdomo. Fundi akachekecha ile nusu iliyokuwa bado unga. Akapima fremu ya mbao aliyokuwa ameitengeneza, akaitoa ubao mmoja, akaifanya ndogo. Mistari minne ingeenea kwa kubanana, alisema, ila saruji yenyewe imechoka. Itakuwa na haraka ya kukauka, tena upepo wa mlimani hauna adabu kwake.

Kazi ilifanyika asubuhi, kando ya barabara. Fundi alimwaga zege, akalilaza chini ndani ya fremu, juu yake akapiga lipu laini kama uji mzito. Akavuta uzi mara tano kupata mistari. Akanipa msumari wa inchi sita.

"Una mpaka kivuli cha ule mti kifike kwenye ndoo yangu. Baada ya hapo saruji haikusikilizi tena. Herufi zako ni za haraka?"

"Hapana," nikasema.

"Nilijua. Mungu atusaidie."

Nilipiga magoti na karatasi ya katibu. Nikahesabu herufi kwa macho. Naijua kasi yangu. Nilijua hapo hapo kwamba mistari minne sitaimaliza. Mitatu, labda. Na nikianzia juu kama karatasi ilivyo, ule ambao usingeandikwa kamwe ulikuwa wa nne.

Bibi hakuwepo. Alisema haji, hataki watu waseme anayalilia mawe. Alikwenda shambani. Lakini asubuhi ile alikuwa amenipikia chai ya tangawizi, akaniwekea sukari, kitu ambacho kwake ni cha wagonjwa na wageni, wala hakusema neno lolote kuhusu jiwe. Ningalipenda aseme. Ingekuwa rahisi zaidi.

Kwetu zamu ya maji huanza mkiani. Shamba la mwisho kabisa kwenye mfongo ndilo linalomwagiliwa kwanza, halafu linafuata la juu yake, hivyo hivyo mpaka karibu na ndiva. Wageni hushangaa. Sababu ni kwamba aliye juu, maji yanapita mlangoni kwake kila siku, hata akikosa zamu hafi; lakini ukianza naye, wa mkiani atangoja mpaka mahindi yake yawe kuni. Sheria hii hakuna aliyenifundisha. Niliikuta, kama nilivyoikuta milima.

Nikasogea mpaka chini ya fremu nikaanza na mstari wa nne.

Nilikuwa nimefika katikati ya neno la pili mwenyekiti alipokuja. Alisimama upande wa kichwa cha jiwe, kwa hiyo maandishi aliyaona yamepinduka, na miwani alikuwa ameiacha nyumbani. Mstari wangu, kwa alivyosimama, ulikuwa mbali naye, kule juu.

"Vizuri sana," akasema. "Naona umeanza na jina langu."

Nilipaswa kusema. Nilijua kabisa kwamba napaswa kusema. Mdomo wangu ukafanya kama unavyofanya siku zote, ukafunga. Fundi akageuka upande wa pili akaanza kukohoa kikohozi kirefu sana, mabega yakimtikisika.

"Pole, fundi," mwenyekiti akamwambia, akaenda zake kuita watu.

Niliandika. Sijui nieleze vipi furaha ya kuandika pale. Shuleni nilikuwa nakimbizwa. Pale hakuna aliyenikimbiza ila kivuli, na msumari ulikuwa unaingia kwenye lipu kwa sauti ndogo kama ya mtu anayekula karanga. Fundi alinyunyiza maji kwa tawi la majani, akanizibia upepo kwa gunia. Mstari wa nne ukaisha: BIBI ZETU WALIUKANYAGA UDONGO IKASHIKA MAJI. Nikapanda wa tatu, ukaisha. Nikapanda wa pili, wa babu zetu; kivuli kilikuwa kimeigusa ndoo nilipomaliza neno la mwisho. Nikaanza wa kwanza. JIWE HILI LIM. Hapo msumari ukateleza. Nikasukuma, ukatoa vumbi.

"Basi," fundi akasema. "Ukiendelea utalipasua."

Watu walikuwa wamekusanyika. Mwenyekiti alikuja na miwani. Akazunguka mara hii, akasimama upande wa chini, akasoma. Akasoma tena. Sikio lake moja lilikuwa linacheza.

"Jina langu liko wapi?"

Akanigeukia mimi.

"Nani alikutuma uanze chini?"

Nilisikia sauti ikijibu, kumbe ni yangu. "Hakuna aliyenituma, baba mwenyekiti. Niliona sitamaliza. Nikafuata zamu ya maji." Kisha, kwa kuwa mdomo ulikuwa umeshafunguka na sikujua utafunguka tena lini, nikaongeza, "Na uliposema nimeanza na jina lako, nilisikia. Nikanyamaza. Hilo ni kosa, naomba unisamehe."

Kulikuwa na mnong'ono. Mwanamke mmoja nyuma akasema, "Heh! Kumbe anaongea!" Mwenyekiti akageuka kwa mzee wa mfongo, kwa macho ya mtu anayedai haki.

Mzee wa mfongo aliliangalia jiwe muda. "Mwenyekiti, shamba lako kwenye mfongo huu liko wapi?"

"Unalijua. La kwanza, chini ya ndiva."

"Umewahi kukosa maji?"

"Sijawahi."

"Basi mtoto hajavunja sheria ya ndiva. Amevunja ya karatasi, na karatasi iko chini ya katibu. Ulichoonewa ni kunyamaziwa, na hilo ameshaliomba radhi mbele za watu. Kama unataka mstari wako, fungua kesi."

Akafungua. Kesi ya mstari wa kwanza bado inaendelea mpaka ninapoandika barua hii. Imeahirishwa mara nyingi na sasa inangoja shahidi aliyehamia Jipe. Lakini mwenyekiti hana kinyongo. Kila nikimwamkia ananiitikia, "Marahaba, mwandishi wa mkiani," na mwaka jana alinituma nimwandikie kadi za harusi ya binti yake. Alinipa mwezi mzima.

Jiwe lilisimamishwa baada ya wiki. Bibi alikwenda kulitazama siku iliyofuata, asubuhi, alipodhani hakuna watu. Mimi nilikuwa namfuata nyuma na jembe, maana ilikuwa siku yetu ya zamu. Bibi alijifunza kusoma ukubwani, kwenye kisomo cha watu wazima, na husoma kwa kidole. Alipofika akakuta bibi wa ng'ambo yuko pale tayari, ameketi kwenye ukingo wa barabara, mkwewe amemwacha akaenda kuchota maji. Yule hakuwahi kujifunza kusoma. Alikuwa analitazama jiwe kama mtu anavyotazama mlango wa nyumba ya watu.

Bibi alisimama. Nikadhani atageuka. Badala yake akainama, akaweka kidole kwenye herufi ya kwanza ya mstari wa chini, akaanza kusoma kwa sauti, kubwa kuliko ya kujisomea mwenyewe. Alichukua muda mrefu. Lori lilipita likatufunika vumbi, akangoja litulie, akaendelea pale pale alipoachia. Alipofika mwisho hakuondoa kidole.

"Rudia," bibi wa ng'ambo akasema.

Akarudia.

"Hapo wametutaja wote, au wewe peke yako?"

"Wote. Wamesema bibi zetu. Ni wengi hao."

"Haya." Akavuta pumzi. "Lile la masale liko pale pale."

"Liko pale pale," bibi akasema, akampa mkono, akamwinua. Akanigeukia. "Wewe umesimama na jembe unangoja nini? Maji yanapita." Tukaenda kumwagilia. Siku nzima alikuwa anaimba chini kwa chini wimbo ambao sikuujua, na maharage yetu mwaka ule yalikuwa mazuri.

Nimemaliza, na imenichukua Jumapili tano kuandika. Sasa nina ombi. Nimekwisha kusikia kwamba nchi hii ina mawe na vibao vingi kando ya barabara, na mimi sijafika mbali kuliko Same. Kama kwenu lipo, nenda ukalisome polepole, uniandikie limesema nini. Na kama yupo mzee anayejua jambo ambalo halikuandikwa pale, mwulize yeye kwanza, uniandikie na hilo. Anuani yangu nimeiweka nyuma ya bahasha. Mwandiko wowote nitausoma, na jibu nitaleta, ila naomba mnivumilie.